Zipu na sentensi iliyokatika: uchambuzi wa kibonzo kimoja cha familia ya Norwei

Saa moja na nusu asubuhi, Januari, kwenye kibaraza cha ndani cha nyumba moja ya Norwei. Baba anamvisha binti yake wa miaka minne ovaroli ya theluji ili ampeleke chekechea. Mtoto ana neno la kusema, baba ana haraka. Wanakwenda gizani, wanafika, mlango umefungwa. Kisa kizima ni hicho, na lazima kienee katika fremu tatu za gazeti zenye upana wa jumla usiozidi sentimita 17.

Kisa hiki kimeundwa kwa ajili ya uchambuzi, hakikuchukuliwa kwenye kazi ya mchoraji yeyote. Hata hivyo ni ndugu wa vibonzo ambavyo wasomaji wa Norwei wamevizoea magazetini kwa miaka mingi. Kinachopendwa mno kati ya hivyo ni Pondus, kazi ya Frode Øverli, kilichoanza 1995 na kupata jarida lake 2000: mume anayependa mpira, mkewe Beate, watoto wao, na rafiki yake Jokke. Hakuna shujaa wala safari ya mbali. Kuna sebule, jiko, baa na uwanja wa mpira, na watu walewale wanarudi kila siku.

Wengi wanaojaribu kuchora kibonzo cha namna hii huanza na maneno: wanatafuta jibu la kuchekesha, kisha wanalipachika kwenye mdomo wa mtoto. Ndiyo maana vinachosha haraka. Kicheko cha kibonzo cha familia kimekaa ndani ya kazi yenyewe ya nyumbani, kwa mpangilio wake, hatua baada ya hatua. Asubuhi hii ya ovaroli inalionyesha jambo hilo vizuri kwa sababu kila mzazi wa Norwei anaujua utaratibu wake, na atagundua kosa lolote kabla hajasoma kiputo cha kwanza cha maneno.

Utaratibu kwanza

Choo ndicho hatua ya kwanza, kabla ya nguo yoyote. Inafuata sufu nyembamba inayogusa ngozi, juu na chini. Soksi za sufu huvutwa juu ya suruali hiyo ya sufu ili isipande magotini. Kisha sweta. Ndipo ovaroli inapoingia: miguu, halafu mikono, zipu inafungwa hadi kifuani. Baada ya hapo buti, na mikanda ya mpira iliyo kwenye pindo la ovaroli hupitishwa chini ya nyayo za buti ili theluji isipenye. Kofia na kitambaa cha shingo hukaa sawa kabla ya sehemu ya mwisho ya zipu kupandishwa. Glavu za mkono mzima, zenye gumba tu, ndizo za mwisho, kwa kuwa mtoto akishazivaa hawezi tena kushika kitu wala kujisaidia kwa lolote. Kabla ya kutoka hukaguliwa kama kiakisi mwanga kipo, maana barabarani bado ni giza.

Mpangilio huu una sababu zake, hauwezi kupinduliwa. Ukivisha glavu kabla ya buti, mtoto hatavuta buti wala kujishikilia ukutani. Ukifunga zipu yote kabla ya kitambaa cha shingo, kitambaa hakitaingia ndani ya kola na baridi itapita. Mchoraji asiyeyajua haya atachora picha nzuri ambayo msomaji ataikataa bila hata kuweza kueleza kwa nini.

Toleo la kwanza na makosa yake

Rasimu ya kwanza ya kisa hiki ilikuwa hivi. Fremu ya kwanza: baba anatazama saa, mtoto yuko kwenye nguo za kulalia. Fremu ya pili: vurumai ya mikono, kofia na glavu, jasho likimruka baba. Fremu ya tatu: mtoto amevaa kila kitu, amevimba kama mto, anasema, "Nataka kukojoa."

Kichekesho hiki kila mzazi amekwisha kukisimulia mwenyewe kazini. Msomaji anakiona kikija tangu fremu ya pili, na kibonzo kinachotabirika kwenye fremu ya pili kimekwisha hapo. Lakini uchakavu si tatizo pekee.

Kwanza, fremu ya pili imeficha kazi. Vurumai ni njia rahisi ya kukwepa kuchora hatua: mikono sita, mistari ya mwendo, nyota mbili, basi. Msomaji hapati chochote cha kutambua. Angeona baba amepiga goti moja, amekamata mkanda wa mpira kwa vidole viwili huku mtoto ameweka kiganja juu ya kichwa cha baba ili asianguke, angecheka kabla ya kichekesho chenyewe, maana huko ndiko anakoishi. Pili, katika rasimu ile glavu zilionekana mkononi wakati mguu mmoja bado uko wazi. Hilo ni kosa la mpangilio, la aina ileile iliyotajwa juu. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, kicheko kinamwangukia mtoto. Haja yake ya kawaida imefanywa kosa lake, wakati aliyeruka hatua ya kwanza ni baba.

Hapa inafaa kukumbuka kibonzo cha familia kilichowatangulia hawa wote katika mapenzi ya wasomaji wa Norwei: Fiinbeck og Fia, jina la Kinorwe la kazi ya Mmarekani George McManus iliyoanza 1913. Mume anatoroka kwenda kwa marafiki zake, mke anamsubiri na mti wa kusukumia unga. Kwa miongo mingi kicheko cha ndoa kilikaa hapo. Baba wa kibonzo cha leo hawezi kuandikwa hivyo na bado aaminike. Norwei ilitenga sehemu ya likizo ya uzazi kwa baba peke yake mwaka 1993, na tangu 2018 sehemu hiyo imekuwa wiki 15 kwa mzazi anayelipwa asilimia mia. Baba anayevisha ovaroli kwenye kibonzo cha Norwei ni mzoefu, ameifanya kazi hii mara nyingi. Ukimchora hajui mkono wa kushoto na wa kulia wa ovaroli, umechora mtu wa 1930. Kosa lake halina budi kutokana na uzoefu wenyewe: anaijua kazi mno kiasi kwamba mikono inaenda na masikio yamelala.

Hapo ndipo kisa kilipobadilika.

Toleo la pili

Chekechea nyingi za Norwei hufunga siku tano kwa mwaka ili wafanyakazi wapange kazi zao. Tarehe hutangazwa mapema, na moja ya siku hizo mara nyingi huangukia mara tu baada ya mapumziko ya Krismasi. Kila mwaka, kuna mzazi anayefika mlangoni. Tukio hilo ni la kweli, linajulikana, na halimdhalilishi mtu. Sasa maandishi yakawa haya:

Fremu ya 1. Baba amepiga goti. Baba: "Buti. Mikanda. Kofia. Haya, simama wima." Mtoto: "Baba, mwalimu alisema leo chekechea—" Mkono wa baba umeshika kishikio cha zipu, kola imefika puani.

Fremu ya 2. Hakuna maneno. Barabara, giza, theluji. Baba anavuta kisledi, kigari cha kuteleza thelujini, mtoto amekaa juu yake.

Fremu ya 3. Mbele ya mlango uliofungwa. Baba ameteremsha zipu kwa vidole viwili. Mtoto: "—imefungwa."

Maneno kumi na mawili kwa jumla. Sentensi moja imekatwa na zipu na kuunganishwa na zipu. Mtoto hajasema jambo la kijanja. Amesema ukweli tangu mwanzo, na kazi ya kuvisha ndiyo iliyomnyamazisha. Ukiondoa utaratibu, kichekesho hakipo. Hicho ndicho kipimo kizuri cha kibonzo cha familia: jaribu kukisimulia kwa simu bila picha. Kikibaki kizima, pengine hakikuhitaji kuchorwa.

Kilichokwama: kola

Mchoro wa kwanza wa toleo la pili ulikataa kufanya kazi, na sababu yake ni ya fundi cherehani. Zipu ya ovaroli ya mtoto huishia kidevuni. Juu yake kuna kipande kidogo cha kitambaa cha kuzuia zipu isibane ngozi. Kwa hiyo mdomo unabaki wazi, na msomaji anauliza: mbona mtoto amenyamaza njia nzima?

Suluhisho lilikuwa kwenye vipimo vya nguo zenyewe. Nguo za watoto Norwei huuzwa kwa urefu wa mtoto kwa sentimita, zikipanda sita sita: 98, 104, 110, 116. Wazazi wengi hununua ovaroli iliyo saizi moja juu ili idumu majira mawili ya baridi, maana bei yake si ndogo. Mtoto wa sentimita 104 akivaa ya 110, kola inapanda. Ukiongeza kitambaa cha shingo chini yake, inafika puani bila kutia chumvi. Lakini ukubwa huo lazima uonekane mapema, vinginevyo utaonekana ni hila ya mchoraji. Kwa hiyo katika fremu ya kwanza mikono ya ovaroli imekunjwa mara moja kwenye viganja, na magoti yana mikunjo inayoshuka juu ya buti. Msomaji halitambui hilo kama maandalizi. Anaona tu ovaroli ya mwaka ujao, kama ile ya mwanawe.

Kulikuwa na kishawishi cha kumpa mtoto kiputo cha "mmm mmm" katika fremu ya pili. Kiliondolewa. Sauti iliyozibwa inamkumbusha msomaji kwamba sentensi haijaisha, na hilo ndilo jambo tunalotaka alisahau kwa sekunde mbili.

Vipimo vya karatasi

Mchoro wa asili una upana wa sentimita 33 na kimo cha 10. Nafasi kati ya fremu ni milimita 5, mara mbili, kwa hiyo zinabaki sentimita 32 za kugawa: 13 kwa fremu ya kwanza, 8 kwa ya pili, 11 kwa ya tatu. Fremu zikilingana, jicho linakwenda kwa mwendo mmoja na kimya cha katikati hakisikiki. Ya pili ni nyembamba ili ipite upesi.

Gazetini mchoro hupunguzwa hadi nusu, yaani 16.5 kwa 5. Magazeti makubwa ya Norwei yamekuwa ya kurasa ndogo kwa muda mrefu sasa: VG tangu 1963, Dagbladet tangu 1983, Aftenposten tangu 2005. Nafasi ya kibonzo ni finyu, hivyo kila kitu kipimwe kwa ukubwa wa kuchapwa. Herufi kubwa zenye kimo cha milimita 4 kwenye karatasi zitakuwa 2 gazetini. Chini ya hapo wasomaji wenye umri wataacha kusoma. Mstari mwembamba kabisa usishuke chini ya robo milimita kwenye asili, la sivyo utakatikakatika. Skani ya wino mweusi mtupu ifanywe kwa nukta 600 kwa inchi, bila kijivu, na rangi zikae kwenye tabaka lake.

Mistari ya meno ya zipu ilileta tatizo dogo lakini halisi. Ikichorwa jino kwa jino, ikipunguzwa inaungana kuwa utepe mweusi, na msomaji haoni tena zipu. Meno kumi na mawili yenye nafasi pana yanatosha, pamoja na kishikio kikubwa kupita uhalisia. Kishikio ndicho muhusika wa tatu wa kibonzo hiki. Katika fremu ya kwanza na ya tatu kiko kwenye umbali uleule kutoka ukingo wa juu, vidole vya baba vimekishika vilevile, ila kimoja kinapanda na kingine kinashuka. Jicho linayaunganisha mawili hayo lenyewe.

Mahali pa viputo nako kuna hesabu. Cha baba kiko juu kushoto, cha mtoto kiko kulia na kinagusa ukingo wa fremu, ili kistari cha kukatika kisukume jicho kuingia gizani. Kiputo cha fremu ya tatu huanza na kistari hichohicho, na hakina budi kuwa chini kuliko cha kwanza, karibu na kola, ili mkia wake utoke wazi kwenye zipu iliyofunguliwa.

Fremu ya kimya

Mapema Januari jua Oslo huchomoza kama saa tatu na robo asubuhi. Tromsø halichomozi kabisa. Usiku mrefu huko hudumu takriban kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari. Bergen kuna uwezekano mkubwa wa mvua kuliko theluji. Kibonzo kinachosomwa miji yote mitatu kinahitaji kitu kinachowaunganisha, nacho ni giza. Ndiyo maana fremu ya pili imejengwa juu ya weusi, na theluji imepewa sehemu ya chini tu.

Weusi mtupu una gharama. Karatasi ya gazeti ni nyepesi, na doa kubwa la wino huonekana upande wa pili. Pia wino husambaa kidogo kwenye nyuzi za karatasi, kwa hiyo kila kitu cheupe kilichozungukwa na weusi hupungua. Viakisi mwanga vya mtoto, vipande viwili vyeupe mgongoni na mguuni, viachwe na upana unaozidi milimita 1 kwenye asili ili angalau nusu milimita ipone. Taa moja ya barabarani huvunja weusi na kuokoa ukurasa wa nyuma.

Ndani ya weusi huo mtoto ana macho tu, nukta mbili kati ya kofia na kola. Katika rasimu alikuwa anamtazama baba. Yalipogeuzwa kumtazama msomaji, fremu ikaamka: anajua, na sasa msomaji anaanza kushuku.

Dokezo la kweli liko kwenye theluji, na ni sehemu ninayoipenda kuliko zote katika kisa hiki. Njia ya kwenda chekechea saa hiyo ingejaa nyayo na michirizi ya visledi vya familia nyingine. Hapa theluji mbele yao ni laini kabisa. Nyuma yao kuna nyayo za mtu mmoja na michirizi ya kisledi kimoja tu. Katika fremu ya tatu vilevile, lango lina theluji juu ya komeo ambayo hakuna mkono ulioigusa. Msomaji atakayerudi kusoma mara ya pili atayaona haya. Asiyerudi hapotezi kitu.

Swali la bango lilizua mjadala. Je, mlangoni pawe na karatasi iliyoandikwa kwamba leo ni siku ya mipango? Jibu ni hapana. Bango lingetoa jibu kabla ya zipu kushuka, na neno la mtoto lingekuwa marudio. Madirisha meusi yanatosha, yakiwa na maua ya theluji ya karatasi yaliyobandikwa na watoto ili ijulikane jengo ni la nini. Hata familia za Wakongomani wanaozungumza Kiswahili, ambao wengi wao walifika Norwei kama wakimbizi na kuanza maisha hayo kwenye kibaraza chenye buti na ovaroli, wataelewa dirisha jeusi bila kuelezwa kalenda ya chekechea.

Tarehe na siku zinazofuata

Vibonzo hutumwa magazetini wiki kadhaa kabla, na magazeti tofauti huenda yakakichapa kimoja siku tofauti. Kwa hiyo msimu unaweza kutajwa, tarehe haiwezi. Ndani ya fremu hakuna kalenda, hakuna mti wa Krismasi uliotupwa nje, ingawa wazo hilo lilikuwa zuri kwa macho. Kinachobaki kinafaa wiki yoyote ya Januari.

Magazeti mengi ya Norwei hayatoki Jumapili, kwa hiyo wiki ina vibonzo sita. Kisa hiki kinafaa Jumatatu, na kinabeba kimoja tu cha kukifuata, si vitano. Mtego wa Jumanne uko wazi: baba anapiga simu kazini na kudai mtoto ni mgonjwa. Mfanyakazi Norwei ana siku 10 kwa mwaka za kukaa na mtoto mgonjwa mwenye umri wa hadi miaka 12, na ni 15 akiwa na watoto zaidi ya wawili, lakini siku ya mipango ya chekechea haimo humo. Wasomaji wanalijua hilo barabara. Baba huyu akidanganya, si mzembe wa masikio tena, amekuwa mtu mwingine, na familia nzima inabadilika kwa ajili ya kicheko kimoja.

Jumanne iliyo bora ni kurudi nyumbani. Nguo zinavuliwa kwa mpangilio uliopinduliwa: glavu, zipu, kitambaa, kofia, mikanda, buti, kila kipande kikiacha dimbwi lake sakafuni. Fremu ya mwisho mtoto amebaki na sufu tu, anatazama dirishani, kumekucha. "Baba, twende nje tukacheze." Hapo baba ana kiputo kimoja tu cha kusema, na kiwe kifupi: "Umeenda chooni?"

Jumatano ipewe wahusika wengine.